Hodi ya Siku Hizi: Habari za Pasi, Viza na Lango la Horohoro

Miezi hii sisi walimu twaulizwa sana habari za makaratasi ya safari, tena na watu wa namna mbili wasiofanana. Wa kwanza huandika barua kutoka mbali. Ni marafiki wa kanisa letu walio Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, watakao kuja kuiona milima ya Usambara, mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, nao wauliza Serikali yetu yataka nini mlangoni. Wa pili haandiki barua. Yeye huja jioni, akaketi mkekani, akangoja tumalize kusahihisha madaftari, ndipo aseme, "Mwalimu, nina ndugu zangu upande wa Vanga, nivukeje?" Watu hawa wawili hupita lango lile lile, na sheria iwahusuyo ni moja, walakini mmoja huijua kwa kuisoma, na mwingine huijua kwa kurudishwa. Basi twaona vema kuandika hapa yale tuyajuayo kwa hakika, ili asomaye amsomee na jirani yake.

Wako wanaosema kwamba pasi na viza ni mambo ya Wazungu, tena ni mapya. Hatukubaliani nao. Katika mila zetu mgeni hakuingia uani kimya kimya kama kuku. Alisimama nje, akabisha hodi, akangoja karibu. Na alipokwisha kuketi aliulizwa atokako, watu wa nani, na ajalo, kisha ndipo akapewa maji. Afisa wa uhamiaji akaaye nyuma ya kioo huuliza maneno yale yale: watoka wapi, umekuja kufanya nini, utalala kwa nani, utarudi lini. Maji tu ndiyo hayatoi. Na wasomaji wa Biblia wamkumbuka Nehemia, ambaye kabla ya kuondoka kwenda Yerusalemu alimwomba mfalme Artashasta barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, ili wampitishe mpaka afike Yuda. Yeye alikuwa mtu mkubwa wa nyumba ya mfalme, wala hakuona haya kuomba karatasi. Wamkumbuka tena Mgileadi aliyesimama kwenye vivuko vya Yordani, akiwajaribu wapitao kwa neno moja, na asiyeweza kulitamka sawasawa akauawa. Jaribu hilo lingefanywa Horohoro lisingefaa kitu, kwa maana Mdigo wa huku na Mdigo wa kule hutamka sawasawa.

Tuanze na mgeni atokaye mbali. Sharti awe na pasi yenye uhai wa miezi 6 au zaidi tangu siku aingiayo, na ndani yake uwepo ukurasa mtupu wa kupigwa mhuri. Kisha yampasa kujua kama nchi yake ni miongoni mwa zile zilizosamehewa viza. Mtu wa Afrika Kusini amesamehewa, aweza kuingia na kutembea hata siku 90 bila viza, na Mtanzania aendaye kwao kutembea hufanyiwa vivyo hivyo. Mwingereza hakusamehewa, wala Mjerumani, wala Mmarekani. Hao huomba viza kwa Idara ya Uhamiaji kwa njia ya mtandao, desturi iliyoanza mwaka 2018. Viza ya kawaida ya kutembea, ya kuingia mara moja na kukaa hata siku 90, ada yake ni dola 50. Mmarekani hulipa dola 100, akapewa viza ya kuingia mara nyingi katika mwaka. Rafiki mmoja wa Marekani aliona jambo hilo kuwa ni uchoyo, tukamjibu kwamba aulize watu wetu hulipa kiasi gani wanapoomba viza ya kwao, na kwamba fedha ile hairudishwi hata wakinyimwa. Hakuandika tena habari hiyo.

Viza hutolewa mlangoni pia katika vituo vikubwa, lakini sisi twawashauri wageni waombe mapema, majuma kadhaa kabla ya safari. Wako watu wa nchi fulani ambao maombi yao hupelekwa kwanza kwa wakubwa na kuchunguzwa, na hao wakifika mlangoni bila idhini hawapiti kabisa. Liko na kosa jingine ambalo wageni wapitao Mombasa hulifanya. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya pamoja kwa watalii, inayoitwa ya Afrika Mashariki. Na kwa sababu ya jina hilo watu hudhani Tanzania imo. Haimo. Mgeni huvuka salama kutoka Lunga Lunga, akafika kwetu na karatasi yake nzuri, akaambiwa hapa haina kazi. Tena ajue kwamba tangu Januari 2024 Kenya imeacha viza ya zamani, nayo hutaka idhini iombwayo kwa mtandao kabla ya safari. Basi apitaye nchi zote mbili ana hodi mbili za kubisha. Watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamesamehewa idhini hiyo.

Hapa twaomba wazee wa kanisa wasikilize sana. Viza ya kutembea ni ya kutembea. Tumeona mara nyingi mgeni kijana, mwenye moyo mwema, akifika kwetu kama mtalii. Hata siku ya tatu mwalimu mkuu akampa chaki afundishe Kiingereza, au mganga akampa kazi katika zahanati. Wenyeji hufurahi, mgeni hufurahi, na picha hupigwa. Lakini kwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 mtu yule afanya kazi bila kibali, ijapokuwa hapokei hata senti moja. Kujitolea nako ni kazi. Wamisionari, watu wa kujitolea, wanafunzi na watafiti wamewekewa kibali chao, nacho ni kibali cha ukaazi daraja la C, na yampasa mwenyeji kukiomba kabla mgeni hajashika kazi. Katika shule moja tusiyoitaja maafisa walifika saa nne asubuhi wakamkuta binti wa watu ubaoni, katikati ya somo la nomino, na watoto wote wakitazama. Alitozwa fedha nyingi akaondoka nchini kabla ya juma kwisha, akilia. Yeye hakujua. Waliomwalika ndio waliopaswa kujua, na hata leo wengi wao husema kwamba Serikali ni kali. Sisi twasema ukali ulikuwa wa wenyeji, waliomtuma mgeni wao kazi ambayo hakuwa na ruhusa nayo.

Habari za cheti cha homa ya manjano zimechanganywa mno, hata na wasomi. Si kila mgeni hutakiwa cheti hicho. Hutakiwa yule atokaye, au aliyekawia zaidi ya saa 12 akibadili ndege, katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo. Na Kenya ni moja katika hizo. Kwa hiyo Mwingereza ashukaye Dar es Salaam moja kwa moja hahitaji, bali Mwingereza yule yule akikaa juma moja Mombasa kisha akaja kwetu kwa basi, anahitaji. Ugonjwa wenyewe huenezwa na mbu, wala hauna dawa ya kuuponya, illa sindano ya kuuzuia. Sindano hiyo huanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchomwa asubuhi ya safari hakufai. Hapo zamani cheti kilikufa baada ya miaka 10. Lakini tangu Julai 2016, kwa mapatano ya mataifa yote, cheti ni cha maisha. Aliye na cheti cha zamani asitupe.

Na mifuko ya plastiki ya kubebea vitu isiletwe, imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019. Mgeni atakayevuka kwenda Unguja au Pemba ajue ya kuwa viza yake ni ile ile, lakini maafisa wa huko huitazama pasi yake tena. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Serikali ya Zanzibar humtaka kila mgeni wa nchi za nje alipe dola 44 za bima.

Sasa tumgeukie yule aliyeketi mkekani.

Mpaka tuusemao haukuchorwa na Wadigo, wala Wasegeju, wala Wabondei. Tarehe 1 Novemba 1886 Waingereza na Wadachi walipatana huko Ulaya kupiga mstari kuanzia karibu na mlango wa mto Umba, ukienda bara, ukauzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, mpaka ziwa Victoria. Kabla ya hapo pwani yote, Tanga na Vanga na Mombasa, ilikuwa ya Sultani wa Unguja, na mtu wa Moa aliyekwenda kuuza samaki Vanga hakuvuka kitu illa mikoko. Hata baada ya mstari kupigwa watu waliutumia kwa faida yao. Mwaka 1896 Mbaruk bin Rashid wa Gazi, alipokwisha kushindwa vitani na Waingereza, alivuka upande huu na watu wake akajitia mikononi mwa Wadachi, nao wakampa kukaa Dar es Salaam. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza na Wadachi walipigana vita vikali pale Jasini, kijiji kilicho juu ya mpaka wenyewe. Wazee wetu walio hai, hayo wameyasikia tu. Wanalolikumbuka wenyewe ni mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ikaufunga mpaka na Kenya. Nao ulikaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Miaka 6 na zaidi! Mtoto aliyeachwa kwa shangazi yake Lunga Lunga akiwa hajui kusema, alirudi kwa mama yake akiwa yu darasani.

Siku hizi mambo ni mepesi kuliko hapo. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi mwaka 1999, na soko la pamoja likaanza tarehe 1 Julai 2010. Mtu wa Kenya aingiaye kwetu, na sisi tuingiapo kwao, hatulipi viza, nasi huweza kupewa ruhusa ya kukaa miezi 6 bila malipo. Pale Horohoro maafisa wa nchi mbili hukaa katika nyumba moja, mtu akapigwa mhuri wa kutoka na wa kuingia bila kusimama mara mbili. Lakini wengi wamesikia neno hili nusu. Wamesikia kwamba hakuna viza, wakadhani hakuna karatasi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamepatana kuvuka baina yao kwa kitambulisho cha taifa tu. Nchi yetu haimo katika mapatano hayo. Mtanzania avukaye sharti awe na pasi, au hati ya dharura ya safari itolewayo na ofisi ya uhamiaji. Pasi hii mpya ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018 ada yake ilikuwa shilingi 150,000. Na mwombaji hutakiwa kitambulisho cha taifa, cheti chake cha kuzaliwa, na cha mzazi wake au kiapo mahali pake. Fedha zenyewe ni nyingi kwa mkulima wa mihogo na nazi. Walakini sisi tumeandikia watu fomu nyingi, na mara nyingi kinachowakwamisha si fedha, ni cheti cha kuzaliwa. Mtu ana miaka 50, amezaliwa nyumbani, mkunga amekufa, na mwaka wake ajua tu kwamba ulikuwa wa njaa.

Yuko mama mmoja katika mtaa wetu, hatutataja jina lake. Alizaliwa upande wa pili, katika watu wa Vanga, Waislamu. Akaolewa huku, akabatizwa, akazaa, na kwa miaka mingi amekuwa nguzo ya akina mama kanisani. Mwaka juzi, Jumamosi jioni, simu ilipigwa kwamba mama yake mzazi amefariki. Wasomaji wajua desturi ya Waislamu: maiti halazwi. Nduguze walikubali kumngojea hata Jumapili adhuhuri, na hilo lenyewe lilikuwa heshima kubwa. Yeye hakuwa na pasi. Alikuwa ameomba karatasi zake mwaka mzima nyuma, na ofisi moja ilimrudisha mara tatu kwa sababu jina la baba yake liliandikwa kwa herufi moja zaidi katika karatasi moja kuliko nyingine. Jumamosi jioni ofisi zimefungwa. Kaka yake akamwambia kwa simu, "Dada, wangoja nini? Njoo kwa njia ya panya kama watu wote." Akaenda. Kijana wa pikipiki alimpeleka usiku mpaka mahali paishapo barabara, akavuka kwa miguu katika mashamba, alfajiri akawa kwao. Alimwosha mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya Jumatatu akarudi kwa njia ile ile.

Yapata mwezi mmoja baadaye alikuja kwetu, akaketi, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyeniandikia fomu zile. Padre sijamwendea. Nataka kujua kwanza kwako, nilitenda dhambi?"

Swali hilo si jepesi, na twajua ziko nyumba nyingi za pwani hii lilikoulizwa. Njia za panya tunazijua sote. Sukari hupita huko, na mchele, na mahindi katika miezi ya bei nzuri, na haya twayahesabu kuwa ujanja tu. Lakini hupita na watoto waliodanganywa kwamba waenda kufanya kazi za nyumbani mjini, na vijana wa nchi za mbali waliouza mashamba ya baba zao ili wafikishwe kusini, wengine wakafungwa njiani katika magereza yetu hata wasijue wako nchi gani. Mtoto apitaye langoni huulizwa mzazi wake yuko wapi. Apitaye vichakani haulizwi na mtu. Kwa sababu hiyo hatuwezi kusema kwamba sheria ya mpaka ni upuuzi wa wakubwa, ingawa mstari wenyewe ulipigwa na watu wasiotujua.

Tulimjibu yule mama hivi. Kwanza, mwenye kumzika mama yake hakumwibia mtu kitu, nasi hatuwezi kukiita kitendo kile kwa jina lile lile tuitalo kazi ya wauzao watoto. Pili, tulimwambia kwamba njia ile ni mbaya, hasa kwake mwanamke peke yake usiku. Na kwamba angeyatwaa maiti yale mikononi mwake kwa moyo mweupe zaidi kama angalikwenda kwanza langoni, akasimama mbele ya afisa, akasema: mama yangu amekufa, sina karatasi, ndugu zangu ni hawa, nambari zao hizi. Labda angalirudishwa. Labda angalipitishwa, maafisa nao wana mama. Akatutazama akasema, "Na kama wangalinirudisha, mwalimu, ningalijulikana, wakaniangalia nisipite tena. Nani angaliniosha mkono?" Hatukuwa na jibu la neno hilo, wala hatukulitafuta. Habari za dhambi tukamwambia amwendee padre, naye alikwenda. Waliyosema ni yao.

Tulilofanya sisi ni kuzichukua karatasi zake upya. Tulikwenda naye kwa mwenyekiti wa kijiji, tukamtafuta mzee aliyemjua baba yake, tukamwapisha mbele ya wakili kwamba Mwinyi na Mwenyi ni mtu mmoja. Jambo hilo lilichukua miezi 4 na safari 5 za Tanga mjini. Pasi yake alipewa, nayo aitunza katika sanduku pamoja na kanga ya mama yake. Amekwisha kupita langoni mara mbili, na mara ya kwanza, asema, alitetemeka kama mwizi ijapokuwa karatasi zote zilikuwa sawa.

Habari hii imetuletea kazi nyingine. Kwaya yetu imealikwa Mombasa, na waimbaji wetu wengi ni watoto wa chini ya miaka 18. Kila mmoja atatakiwa hati yake ya safari, cheti chake cha kuzaliwa, na barua ya wazazi wote wawili kuwa wamekubali aende na nani, mpaka lini. Tulipohesabu juma lililopita tuliona kwamba watoto 11 hawana cheti. Wazazi wao si maskini kuliko wengine; hawakupata kuambiwa kwamba kitatakiwa. Wawili kati yao baba yupo Dar es Salaam na hapokei simu. Wazazi wenye watoto hao waje shuleni siku ya Jumatano baada ya mchana, na kadi ya kliniki ya mtoto, na kama ipo, kadi ya ubatizo. Fomu tunazo. Wino pia tunao.